Kibera na Kawangware: Kanisa la makabila mengi na njia yake hadi Uchina

Jumapili asubuhi, abiria anayetoka Kawangware kwa barabara ya Naivasha, akapita Dagoretti Corner na kuifuata Ngong Road hadi Adams Arcade ili ateremke kuelekea Kibera, huyasikia makanisa kabla hajayaona. Vipaza sauti hufungwa juu ya paa za mabati, na katika mwendo huo mfupi mtu huweza kusikia mahubiri kwa Kiswahili, Kikuyu, Kiluhya, Dholuo, Kikamba na Kiingereza. Akigeuka kushoto badala ya kulia, aingie Kilimani, atakuta mikahawa na maduka yaliyoandikwa kwa herufi za Kichina. Umbali wa kutoka kwenye vibanda hadi kwenye maduka hayo ni wa kutembea kwa miguu. Hata hivyo, watu wa pande hizo mbili hukutana zaidi kazini na sokoni kuliko kanisani.

Makala haya yanaeleza huduma ya Kikristo inayovuka mipaka ya kabila, lugha na taifa katika mitaa ya Kibera na Kawangware: ilikotoka, iliyoyajenga, iliyoyavunja, na jinsi inavyohusiana na historia ya Kanisa nchini Uchina. Uhusiano huo si wa kubuniwa. Wazo lililozaa mojawapo ya makanisa makubwa ya Kenya lilitoka moja kwa moja katika misheni ya Uchina, na mjadala uliowagawanya Wakristo wa Uchina katika miaka ya 1950 ulizuka tena Nairobi miaka 20 baadaye.

Ardhi mbili, makanisa mawili

Watu wengi huizungumzia mitaa hii miwili kana kwamba ni mmoja. Kwa mwenye kutaka kujenga kanisa, tofauti yake ni kubwa mno.

Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza. Waliruhusiwa kukaa hapo tangu 1904, na mnamo 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi eneo la takriban ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Jina lenyewe ni la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Wanubi ni Waislamu, kwa hiyo mtaa ambao leo hujulikana duniani kwa wingi wa makanisa yake ulikuwa kwanza mtaa wa msikiti. Ardhi hiyo ilimegwa kidogo kidogo kwa ajili ya mitaa mingine ya jiji, na ilipofika Juni 2017, serikali iliwapa Wanubi hatimiliki ya pamoja ya ekari 288 pekee. Sehemu kubwa iliyosalia imehesabiwa kuwa ya serikali. Sensa ya 2009 ilipata watu 170,070 katika Kibera. Ile hesabu ya watu milioni moja, iliyorudiwa kwa miaka mingi na waandishi wa habari, sisi tukiwemo, haikuwa na msingi.

Kawangware, iliyoko magharibi mwa jiji katika eneo la Dagoretti, ni ardhi ya watu binafsi. Familia za Wakikuyu zina hati za mashamba yao tangu enzi ambapo Dagoretti ilikuwa mashambani, kabla jiji halijawafikia. Baadaye wenye mashamba walijenga vyumba vya kupangisha, na wapangaji wakaja kutoka Magharibi mwa Kenya, Nyanza, Ukambani na kwingineko.

Matokeo yake huonekana wazi. Kawangware, dhehebu lenye fedha huweza kununua ploti, likapata hati na kujenga kwa mawe. Kibera, pasta huanza kwa ruhusa ya chifu na makubaliano na mwenye kibanda, hujenga kwa mabati na miti, na hulala akijua kwamba barabara ikichorwa upande wake, ibada itahamia uwanjani. Hilo si tishio la maneno tu. Mnamo Julai 23, 2018, matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na katika muda wa siku chache maelfu ya watu walipoteza makao. Nyumba, shule na majengo ya ibada yalibomolewa pamoja. Kanisa lisilo na hati halina la kumwonyesha hakimu.

Wageni wa kwanza

Ukristo ulikuwa umezunguka maeneo haya kabla mitaa yenyewe haijakuwapo. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mnamo 1844 na baadaye akafanya makao Rabai. Bara lilifuata baada ya nusu karne. Wamishenari wa Kiskoti walihama kutoka Kibwezi na kufika Kikuyu mnamo 1898, mahali panapoitwa Thogoto, jina ambalo wenyeji walilichonga kutokana na neno Scot. Mwaka uliofuata, 1899, Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St Austin's, ambayo leo imezungukwa na majumba ya Lavington, ng'ambo kidogo tu ya Kawangware.

Kati ya misheni zote hizo, inayotuhusu zaidi hapa ni Africa Inland Mission. Ilianzishwa mnamo 1895 na Peter Cameron Scott, aliyefika pwani mwaka huo huo na kufariki Desemba 1896 huko Nzaui, Ukambani. Msomaji akijiuliza jina hilo lilitoka wapi, jibu liko Uchina. Miaka 30 kabla yake, 1865, Mwingereza James Hudson Taylor aliunda China Inland Mission akiwa na kanuni ambazo wakati huo zilionekana za ajabu: wamishenari wasiwe na mshahara wa uhakika, wasiombe watu fedha waziwazi, waende mbali na miji ya pwani, na wavae na kula kama wenyeji. Taylor mwenyewe alivaa kanzu ya Kichina na kufuga mkia wa nywele. Scott na wenzake walilichukua jina, wakachukua pia kanuni ya kwenda bara na kutegemea maombi badala ya mshahara. Kanzu hawakuichukua. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa Africa Inland Church, AIC, ambalo lilikabidhiwa uongozi wake kamili mnamo 1971 na ambalo leo lina waumini katika kila pembe ya Nairobi.

Suala la mavazi linaweza kuonekana dogo, lakini ndani yake mna swali zima la huduma baina ya tamaduni: mgeni abadilike kiasi gani, na amdai mwenyeji abadilike kiasi gani? Uchina swali hilo lilizuka mapema. Mjesuiti Matteo Ricci, aliyeingia huko 1583 na kufika Beijing kuishi mnamo 1601, alijifunza maandishi ya wasomi na akaona kwamba heshima kwa mababu haikuwa lazima iwe ibada ya sanamu. Baada yake Roma ilibadili msimamo. Desturi hizo zikapigwa marufuku katika karne ya 18, na marufuku hayo hayakulegezwa hadi 1939. Hasara iliyotokea katikati haipimiki.

Huku kwetu, mwaka uliokuwa mgumu ni 1929. Misheni za Kiprotestanti katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka waumini watie sahihi au dole gumba kuikana tohara ya wanawake, la sivyo wafukuzwe kanisani na watoto wao shuleni. Tohara hiyo ni kosa kisheria leo, na waliyoipinga walikuwa na sababu. Ila namna ya kuipinga, kwa amri ya mgeni na adhabu kwa mtoto, iliwafanya maelfu waondoke. Shule na makanisa ya kujitegemea yalistawi kutokana na mgogoro huo. Katika miaka hiyo hiyo walitokea Wakorino, ambao vilemba vyao vyeupe huonekana hadi sasa Jumamosi na Jumapili katika vichochoro vya Kawangware na Dagoretti.

Lugha ya madhabahuni

Kibera na Kawangware, mmishenari wa kila siku si Mzungu. Ni Mluhya anayewahubiria Wakamba, Mkisii anayefundisha Shule ya Jumapili ya watoto Wajaluo, au Mkikuyu anayemzika jirani Mmaragoli ambaye ukoo wake uko mbali. Huduma ya kuvuka tamaduni hapa haihitaji pasipoti.

Chombo chake kikuu ni Kiswahili. Biblia inayosomwa katika sehemu kubwa ya makanisa hayo ni ile ya Union, iliyotolewa 1952 baada ya kuunganisha kazi za tafsiri zilizotangulia za Kimvita na Kiunguja. Wachina nao wana Biblia yao ya Union, ya 1919, iliyofanyiwa kazi na kamati ya madhehebu mbalimbali kwa lugha ya Kimandarini, na kama ilivyo ya kwetu, ilisaidia kuisimamisha lugha hiyo kama lugha ya kitaifa ya maandishi. Katika nchi zote mbili, wasomaji wengi wa leo huona kwamba Biblia hizo zina Kiswahili au Kichina cha babu zao, na bado huzishika kwa mapenzi makubwa kuliko tafsiri mpya.

Vijana wa mtaani wana Sheng, na wahubiri wengi huitumia barabarani. Ndani ya kanisa huirudia mara chache, pengine kwa kuchelea wazee. Kwa upande mwingine, ibada ya lugha ya mama haijafa. Makanisa mengi makubwa hupanga ibada ya mapema kwa lugha ya kabila moja, kisha ya Kiswahili au Kiingereza. Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki huko Nyanza mnamo 1963 chini ya Simeo Ondeto, limekuja Kibera na Dholuo yake, mavazi yake ya rangi na rozari zake. Makanisa ya Roho nayo hupita na ngoma na bendera kandokando ya reli. Mhamiaji aliyetoka kijijini juzi hupata hapo watu wanaomjua baba yake. Ni vigumu kumlaumu kwa kutafuta hilo.

Tatizo huanza pale kanisa la lugha moja linapokuwa pia kanisa la chama kimoja.

Januari 2008 na Oktoba 2017

Kibera ilikuwa imeonja chumvi hiyo mapema. Desemba 2001, baada ya wanasiasa kuzungumzia kupunguzwa kwa kodi za nyumba, wapangaji, wengi wao Wajaluo, walikabiliana na wenye nyumba Wanubi. Watu walikufa. Mgogoro wa kodi uligeuka kuwa wa kabila, na kwa sababu ya sura ya pande hizo mbili, ukawa karibu uwe wa dini.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, moto ulikuwa mkubwa zaidi. Reli iliyopita Kibera iling'olewa, majirani wa miaka mingi walifukuzana kutoka kijiji kimoja cha mtaa hadi kingine, na ramani ya Kibera ikachorwa upya: hapa hawa, pale wale. Majengo ya ibada hayakusalimika. Nchi nzima ilikuwa tayari imetetemeshwa na habari za kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, lililochomwa Januari 1, 2008, na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani.

Waliohojiwa baadaye kuhusu wajibu wa Kanisa hawakuwa na majibu mepesi. Mnamo Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa na kwa hiyo walishindwa kusikika walipohubiri amani. Ungamo hilo ni nadra katika historia yetu, na lilistahili kusomwa katika kila parokia. Wachungaji wa Kibera walikuwa wakiishi matokeo yake. Mwenye kanisa la Kiswahili lililochanganya makabila aliona nusu ya viti vyake vikibaki vitupu. Mwenye kanisa la lugha moja aliona viti vikijaa wakimbizi wa kabila lake. Wa kwanza ndiye aliyekuwa na kazi ngumu zaidi, na hakukuwa na mfadhili aliyemuuliza habari zake.

Kawangware ilipata zamu yake Oktoba 2017. Siku moja baada ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26, vijana wa pande mbili walipambana, na maduka na vibanda vikateketezwa. Hapo tena wenye nyumba walikuwa kabila moja na wapangaji makabila mengine. Suala la ardhi tulilolitaja mwanzoni halikai mbali na madhabahu hata siku moja.

Mkate, dawa na shule

Huduma ya Kikristo katika mitaa hii haijawahi kuwa ya mahubiri pekee. Mfano ulio bora, kwa maoni ya mwandishi, ni wa Nyumbani, makao ya watoto yatima wanaoishi na virusi vya HIV, yaliyofunguliwa 1992 na Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti na daktari kutoka Marekani, akishirikiana na Sista Mary Owens wa shirika la Loreto. Wakati huo mtoto aliyepatikana na virusi alikuwa akisubiri kifo. Mnamo 1998 ulianzishwa mpango wa Lea Toto, uliowafuata watoto hao nyumbani kwao Kangemi, kisha Kibera, Kawangware na mitaa mingine, ukiwapa matibabu bila kuwatenga na jamaa zao. Mwanzoni mwa 2004, baada ya watoto wa Nyumbani kukataliwa katika shule za umma, suala hilo lilifikishwa mahakamani na serikali ikakubali wapokewe. Padri D'Agostino alifariki Novemba 2006. Huyu ni mgeni aliyejifunza kwamba shida ya mwenyeji wakati mwingine haihitaji sadaka, inahitaji wakili.

Kando ya Kibera kuna Hekima, chuo cha theolojia cha Wajesuiti kilichofunguliwa 1984, ambako mapadri watarajiwa kutoka nchi nyingi za Afrika husoma huku wakienda mitaani mwishoni mwa juma. Wajesuiti hao ndio walioanzisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule ya sekondari ya Mtakatifu Aloysius Gonzaga kwa vijana wa Kibera waliofiwa na wazazi kwa sababu ya ukimwi. Parokia ya Kristo Mfalme, Laini Saba, imehudumiwa na Wamisionari wa Guadalupe kutoka Mexico, watu waliokuja kutoka nchi ambayo yenyewe ina mitaa ya mabanda. Na Kangemi, jirani ya Kawangware, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Papa Francis alizuru Novemba 27, 2015, akalaani unyakuzi wa ardhi na ukosefu wa maji katika mitaa ya maskini. Waliomsikiliza walikuwa na mitungi yao nyumbani ikingoja kujazwa.

Kisha kuna shule ndogo. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure Januari 2003, wengi walidhani shule za mabati za makanisa zingefungwa. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walihesabu shule 76 za kibinafsi katika Kibera. Wazazi waliendelea kulipa karo kwa sababu shule za umma zilikuwa chache na zimefurika, na kwa sababu mwalimu wa kanisani alikuwa jirani anayeweza kuulizwa.

Shule hizo zimekuwa pia mlango wa wageni. Kila mwaka, hasa miezi ya Julai na Agosti, vikundi kutoka Marekani, Ulaya, Korea Kusini na kwingineko hufika kwa majuma mawili, hupaka rangi ukuta, hucheza na watoto, hupiga picha na kuondoka. Wengi wana nia njema. Lakini pasta mwenye watoto 200 na jiko moja hujifunza haraka ni hadithi gani humfungua mgeni mkoba, na mtoto hujifunza ni uso gani wa kuonyesha mbele ya kamera. Kwa miaka mingi wageni waliachiwa watoto bila ukaguzi wowote wa maana, na hatari ya hilo haihitaji kuelezwa. Sheria ya Watoto ya 2022 imekaza kanuni. Utekelezaji wake kichochoroni ni jambo jingine.

Kujitawala, kujikimu, kujieneza

Swali la utegemezi liliulizwa zamani, na aliyeliuliza kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mkenya. John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, PCEA, aliwaambia Wakristo waliokusanyika Milwaukee, Marekani, mnamo 1971 kwamba wamishenari na fedha zao wasitishwe kwa muda, ili Kanisa la Afrika lipate kusimama. Muungano wa Makanisa ya Afrika Yote, ambao makao yake yako Nairobi kwenye Waiyaki Way, uliliunga mkono wazo hilo katika mkutano wake wa Lusaka wa 1974. Wafadhili walishtuka. Baadhi ya viongozi wa Kiafrika walishtuka zaidi. Gatu, aliyefariki Mei 2017, aliendelea kuwahimiza Wapresbiteri kwa neno moja: jitegemea.

Wazo la msingi lilikuwa la karne iliyotangulia. Henry Venn, katibu wa ile ile Church Missionary Society iliyomtuma Krapf, pamoja na Mmarekani Rufus Anderson, walifundisha kwamba lengo la misheni ni kuanzisha Kanisa linalojitawala, linalojikimu na linalojieneza lenyewe, kisha mmishenari aondoke. Hapa Afrika Mashariki mafundisho hayo yalipuuzwa kwa muda mrefu. Uchina yaligeuka kuwa jina la chombo rasmi.

Baada ya Wakomunisti kutwaa mamlaka mnamo 1949, wamishenari wa kigeni waliondolewa. Mnamo 1950, Wu Yaozong na Wakristo wenzake walitoa tamko la kukata uhusiano na ubeberu wa kigeni, na 1954 likaundwa rasmi Vuguvugu la Kizalendo la Kujitegemea kwa Njia Tatu. Wakatoliki waliundiwa chama chao cha kizalendo 1957. Waliokataa walifungwa au walikutana majumbani kwa siri. Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza 1966 yalifunga makanisa yote, yaliyosajiliwa na yasiyosajiliwa. Yalianza kufunguliwa tena 1979. Ajabu ni kwamba walipofunguliwa milango, Wakristo walikuwa wengi kuliko wakati wageni walipoondoka. Hakukuwa na mishahara ya ng'ambo, hakukuwa na vikundi vya Agosti. Waliosimama walikuwa wanawake wa vijijini na Biblia zilizonakiliwa kwa mkono.

Wapo wanaotumia historia hiyo kusema kwamba Gatu alikuwa sahihi na basi. Tusikimbilie huko. Wito wa Gatu ulitoka ndani ya Kanisa na ungeweza kukataliwa, kama ulivyokataliwa na wengi. Wa Uchina uliwekewa mkono wa dola nyuma yake, na gharama ililipwa gerezani.

Majirani wa Kilimani

Wachina wameishi Nairobi kwa idadi inayoongezeka tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi Desemba 2005, ya kwanza barani Afrika. Kampuni ya China Road and Bridge Corporation ilijenga Southern Bypass, inayopita kando ya Kibera, na vijana wengi wa mitaa hii wamefanya kazi za mkono chini ya wasimamizi wa Kichina bila kujua majina yao kamili.

Uhusiano huo una makovu. Agosti 2012, wafanyabiashara wadogo wa Nairobi waliandamana kupinga Wachina wanaouza rejareja. Mwaka 2015, mkahawa mmoja wa Kichina huko Kilimani ulifungwa baada ya kuripotiwa kwamba uliwazuia Waafrika kuingia usiku. Aprili 2020, janga la corona lilipokuwa limeanza, Waafrika wakiwemo Wakenya walifukuzwa nyumbani na hotelini katika jiji la Guangzhou. Hayo yote huingia kanisani pamoja na waumini, hayaachwi mlangoni.

Hata hivyo, Wakristo Wachina wapo jijini na hukutana kwa ibada za Kimandarini. Wapo waliokuja wakiwa waumini, na wapo waliosikia Injili kwa mara ya kwanza hapa, wakiwa mbali na jamaa na macho ya nyumbani. Kwa mhubiri wa Kawangware anayetamani kuwafikia, vikwazo ni vya kawaida kuliko anavyodhani. Wafanyakazi wa ujenzi hukaa katika kambi za kampuni na mara nyingi hufanya kazi Jumapili. Lugha wanayoijua ni Kiswahili cha kazini: leta, haraka, kesho. Na mazoea yetu ya kumwita mgeni mbele ya kusanyiko, kumpigia makofi na kumwambia aseme neno, humwaibisha Mchina wa kawaida kiasi cha kutorudi. Mwaliko wa chakula nyumbani hufanya kazi zaidi ya mkutano wa hadhara. Kosa kubwa kuliko yote ni kumwona kama mfadhili mpya aliyechukua nafasi ya Mzungu.

Safari ya upande wa pili ina masharti yake. Wakenya wanaokwenda Guangzhou kununua bidhaa husali katika makanisa yaliyosajiliwa, likiwemo Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, jengo la mawe lililokamilika 1888, ambalo limekuwa na ibada ya Kiingereza iliyojaa Waafrika. Sheria ya Uchina kuhusu wageni, ya tangu 1994, huwaruhusu kusali pale palipoidhinishwa, lakini huwakataza kuwahubiria wenyeji, kuanzisha vikundi vya kidini au kugawa maandiko. Kanuni za jumla za dini zilikazwa kuanzia Februari 1, 2018, na kanuni za utekelezaji kwa wageni zikafanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika Mei 1, 2025. Mgeni akivunja sheria hufukuzwa nchini. Mwenyeji aliyemkaribisha hubaki na polisi. Mkenya anayejiita mmishenari anapaswa kuipima tofauti hiyo kabla hajafungua kinywa. Kuhusu Wakatoliki, makubaliano ya Vatican na Beijing juu ya uteuzi wa maaskofu, yaliyotiwa sahihi Septemba 2018, yaliongezwa muda tena mnamo Oktoba 2024 kwa miaka minne.

Usajili

Kwa miaka mingi, Wakenya walisoma habari za Uchina na kumshukuru Mungu kwamba kwao mtu yeyote mwenye Biblia na mabati manne huweza kufungua kanisa. Mauti ya Shakahola, Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, yalibadili mazungumzo. Jopo lililoongozwa na Mutava Musyimi, aliyekuwa katibu mkuu wa NCCK, lilikabidhi ripoti yake Julai 2024, likipendekeza usimamizi mkali zaidi wa mashirika ya kidini.

Mapendekezo hayo yamejadiliwa sana katika makanisa makubwa yenye mawakili. Kibera na Kawangware, wachungaji wadogo wamejadili jambo moja hasa: cheti. Wengi wao hawakupita chuo cha theolojia. Walianza kwa kumwombea jirani mgonjwa, kisha jirani akamleta dada yake, kisha ikabidi wakodi chumba. Makanisa yao ndiyo yaliyochanganya makabila mapema kuliko mengine, kwa sababu hayakuwa na makao makuu kijijini. Sheria ikidai hati ya ardhi, cheti cha chuo na ofisi ya kudumu, wale wa Kawangware watakodi ofisi kwa mwenye ploti. Wa Kibera watauliza hati hiyo itoke wapi.